Sura ya Tano: Ng'ombe Relini

Vyumba vya Nyumba ya Wageni ya Signali havikuwa na namba. Marehemu Geoffrey Nzomo, aliyeijenga kwa kiinua mgongo chake mkabala na stesheni kuukuu ya Voi, alikataa katakata kumlaza mtu ndani ya namba. Kila mlango aliupa kibao cha mbao, na kila kibao jina la stesheni ya ile treni ya zamani iliyokuwa ikienda Taveta: Voi, Mwatate, Bura, Mashoti, Maktau, Ziwani, Taveta. Chumba cha Voi kilipakana na jikoni. Cha Taveta kilikuwa mwisho kabisa, karibu na tangi la maji, na mgeni aliyelala huko alikwenda chooni kwa safari.

Inspekta Alice Mghoi alivipita vibao hivyo polepole asubuhi ya Alhamisi, huku harufu ya polishi nyekundu ya sakafu ikimrudisha mbali. Mamake alikuwa akipaka polishi kama hiyo katika kota za reli kule Bomeni, Taveta, wakati babake akiwa gadi wa treni na yeye Alice akiwa hajaota meno ya pili. Alijikuta amesimama mbele ya kibao cha Maktau bila sababu yoyote ya kikazi. Akajikaripia kimoyomoyo, akaenda zake mapokezi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Signali ilikuwa moja kati ya nyumba ndogo thelathini za wageni za Taita Taveta zilizoungana na kuweka mambo yao kwenye blokcheni, ambayo wenyewe waliiita mnyororo. Humo kuliandikwa jina la kila nyumba, wageni waliotengewa vyumba, na shukrani za waliowahi kulala. Hapakuwa na wakala wa ng'ambo katikati wala mkubwa wa kufuta sifa za mtu. Kila nyumba ilikuwa na nakala ya yote, na kilichoandikwa hakikufutika.

Siku ya kuanzisha, wazee wengi waliguna. Geoffrey, aliyekuwa stesheni masta wa Voi kwa miaka mingi, ndiye aliyewaelewesha, na aliwaeleza kwa kitabu cha treni. Voi ikiandika kwamba treni imetoka, alisema, Mwatate nao wanaandika imefika, na Bura nao wanaandika. Anayetaka kudanganya kwamba treni haikupita, basi akabadilishe vitabu vya stesheni zote kabla chai haijapoa. Wazee wakacheka, wakatia sahihi.

Kila mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake, yaani maneno aliyoyachagua mwenyewe na kuyapanga anavyojua yeye. Mwenye maneno ndiye mwenye jina, na mwenye jina ndiye mwenye wageni. Sasa Geoffrey alikuwa amefariki, na siku nne baada ya mazishi, Jumanne ya wiki iliyopita saa nne na robo asubuhi, mtu alikaa kwenye kompyuta ya mapokezi, akaufungua mlango wa mnyororo kwa maneno ya marehemu na kulihamisha jina la Signali, na wageni wote wa Agosti, na kila shukrani iliyokuwemo. Aliyehamishiwa ni Kaveke, mama aliyeitunza nyumba hiyo miaka kumi na tisa.

Kaveke alikuwa amelala kituoni tangu jana jioni. Mkuu wa Alice, Mutuku, alitaka faili mezani saa kumi alasiri, na kesho yake asubuhi mama huyo angesimama kizimbani kwa wizi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja afikishe sitini, na hakuwahi kuitwa na chifu hata mara moja.

Aliyekuwa akimngoja Alice mapokezi ni Ben, mpwa wa marehemu na mrithi wa jengo, kijana wa Nairobi mwenye viatu ambavyo vumbi la Voi lilikuwa bado halijavizoea. Yeye ndiye aliyepiga ripoti. Alikuwa amekubaliana na kampuni moja ya mahoteli kuwauzia jengo pamoja na jina, na kampuni ilipochungulia kwenye mnyororo ikakuta jina ni la mtu mwingine. Alimsukumia Alice daftari lililopatikana chumbani mwa Kaveke.

"Ufunguo huo hapo, Inspekta, kwa mkono wake mwenyewe," alisema. "Mjomba alikuwa akijisifu kwamba ufunguo wake ni njia ya reli."

Alice alilifungua. Kila ukurasa ulianza na Voi na kuishia Taveta, stesheni zote saba zimepangwa, na mbele ya kila moja kimeandikwa kitu: shuka mbili, taulo, foronya imechanika. Lilikuwa daftari la kufulia. Alimwambia Ben hivyo, naye Ben akajibu kwamba mwizi mjanja huficha kitu mahali peupe. Jibu halikuwa baya. Alice alimuuliza yeye alikuwa wapi Jumanne ile, akatoa majina matatu ya watu aliokuwa nao Nairobi, na Alice alikuwa tayari amewapigia simu wote watatu. Isitoshe, mtu havunji ghala ili amjazie jirani gunia. Ben alikuwa na tamaa, lakini tamaa haikuwa kosa alilotumwa kulichunguza.

Saa tatu na nusu akaingia Shanice, fundi wa umoja wa nyumba hizo, binti aliyeutengeneza mlango wa kuingilia kwenye mnyororo. Kwa siku tatu Alice alikuwa akimwomba orodha ya majaribio ya kuufungua mlango huo siku ile, naye kwa siku tatu alikuwa na udhuru mpya. Leo alikuja na karatasi moja, ameikunja mara nne.

"Madam, si ati nilikuwa naficha," alisema akiangalia meza. "Mlango haufai kuweka maneno ya watu. Niliuacha uyaweke wakati wa kujaribu, nikasahau kuuzuia. Niliona aibu."

Alice alimwambia kwamba aibu yake huenda ikamwokoa mtu, akaikunjua karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu.

Mstari wa kwanza ulianzia Taveta: Taveta, Ziwani, Maktau, Mashoti, Bura, Mwatate, Voi. Mlango ulikataa. Dakika mbili baadaye maneno hayohayo yaligeuzwa yakaanzia Voi. Mlango ulikataa tena. Kisha zikapita dakika tisa bila kitu. Mstari wa tatu ulikuwa na maneno manane, na hapo mlango ukafunguka: Voi, Mwatate, Lois, Bura, Mashoti, Maktau, Ziwani, Taveta.

"Hiyo Lois ndiyo imenishinda," alisema Shanice. Alikuwa ameitafuta kwenye ramani zote, mpya na za mkoloni, na hakuna mahali panapoitwa hivyo. Ben alicheka kidogo na kusema labda mjomba alikuwa na mambo yake ya ujanani.

Alice hakucheka. Aliliweka daftari kando ya karatasi na kuwaonyesha. Katika daftari lile hakuna ukurasa hata mmoja ulioanzia Taveta, kwa sababu kwa Kaveke nyumba ilianza jikoni, na jikoni kulikuwa Voi. Halafu tena, kama ni yeye, mbona neno la nane halimo katika daftari wala kwenye vibao vya milango?

"Aliyeiba maneno yaliyoandikwa hakosei mara mbili," alisema. "Huyu hakuwa anasoma. Alikuwa anakumbuka."

Shanice alitikisa kichwa kwa kukubali. Alice aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema anatoka nje kupunga hewa, na hilo halikuwa uongo. Alivuka barabara hadi kwenye ua wa stesheni, akasimama kivulini mwa mwarobaini na kuziangalia reli.

Watoto wa kota za Bomeni walizihesabu stesheni kama watoto wengine wanavyokariri jedwali, na walianzia nyumbani, Taveta, kwa sababu huko ndiko gadi alikolala na huko ndiko alikoamkia. Alice alifundishwa na babake mwenyewe, gadi Obadiah, akimpigia mapigo kwa goti: Taveta, Ziwani, Maktau. Na wakifika Bura alikuwa akinyamaza kidogo, anamkonyeza mkewe, kisha anasema, Lois.

Baina ya Bura na Mwatate hapakuwa na jukwaa wala kibao. Palikuwa na kijia kilichoteremka kutoka milimani, na mwishoni mwa kijia msichana mwenye mkungu wa ndizi. Kila Ijumaa gadi mmoja kijana alipunga bendera nyekundu pale pasipo na sababu, treni nzima ikasimama dakika tano, abiria wakanunua ndizi, na gadi akanunua maneno. Kule Voi stesheni masta alitakiwa kueleza ucheleweshaji. Geoffrey aliandika katika kitabu, kwa mwandiko wake mzuri wa wino wa buluu: ng'ombe relini. Ng'ombe hao walikuwa na nidhamu sana, walivuka Ijumaa tu. Mwaka uliofuata Obadiah na Lois walioana, na Geoffrey ndiye aliyemsimamia bwana harusi. Lois alikuwa amezikwa Mwanda sasa miaka sita.

Watu wawili tu duniani waliijua stesheni hiyo, ukimtoa Alice na mamake. Mmoja alikuwa kaburini. Alice aliona uchungu, na pamoja na uchungu akaona kitu kingine kinachofanana na furaha, na vyote viwili havikumsaidia.

Kituoni aliomba apewe dakika kumi na Kaveke. Mama huyo aliletwa akiwa na leso yake mabegani, amejitahidi kuikunjua mikunjo ya gauni kwa viganja. Kabla hajaketi, aliuliza kama kuna mtu aliyekumbuka kuwatoa kuku wa Signali. Alice alimjibu kwamba wametolewa, kisha akayasoma tena maelezo aliyoandika konstebo. Sentensi moja ilikuwa fupi na safi: Siku hiyo hakuna mgeni aliyefika.

Njia ya mwongo ni fupi, na Alice alikuwa amewahoji waongo wengi kiasi cha kujua hapa hayupo. Basi kama mama huyu alisema kweli, kosa lilikuwa katika swali.

"Mama," alisema, "Jumanne ile, nani alikuja ambaye si mgeni?"

Uso wa Kaveke ulifunguka. "Ah, ambaye si mgeni? Alikuja Mzee Obadiah wa Mwanda, kutoa pole. Alikaa kwa kiti yangu pale mapokezi, mimi nikaenda kumpikia chai."

"Mbona hukumtaja?"

"Waliniuliza mgeni. Nitamwitaje mgeni mzee yule? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo tulimpa jembe kitambo." Alimtazama Alice, na taratibu akaelewa ni nini alichokuwa akikisema. "Nilidhani unajua, madam. Si ni babako?"

Alice aliandika saa na tarehe, akamwomba atie sahihi. Kisha akaenda ofisini kwa Mutuku na kumweleza kila kitu, tangu karatasi ya Shanice hadi jina la mamake, bila kuruka hata koma. Alimwambia kwamba faili si lake tena. Amkabidhi Sajenti Syombua aandike maelezo ya mzee. Yeye atakachofanya ni kwenda kumleta, kwa kuwa akija gari jingine mzee atadhani kuna msiba. Mutuku alizungusha kalamu kwa muda. Alisema atamngoja hadi saa kumi kamili, na saa kumi na dakika moja faili la Kaveke linakwenda lilivyo.

Barabara ya Mwanda inapanda kwa kujikunja, na ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mashamba ya kabichi. Alimkuta babake barazani akipukuchua maharagwe kwenye ungo, amevaa koti la reli ambalo vifungo vyake vilikuwa vimebadilishwa mara nyingi kuliko paa la nyumba. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Mzee aliliangalia gari.

"Umekuja na la serikali," alisema.

Alice alimpa karatasi. Aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho, na alipofika mstari wa tatu aliiweka gotini na kuipapasa. Hakukana. Alisimulia kwa mpangilio, kama gadi anayetoa ripoti ya safari. Geoffrey alimwita hospitalini siku mbili kabla ya kufa. Jengo ni la ukoo, alimwambia, wacha walichukue. Lakini jina lililetwa na Kaveke, kwa mikono yake na kwa uso wake, nalo apewe Kaveke. Hakuwa na nguvu ya kuandika. Ufunguo alimwambia kwa maneno mawili: treni yetu.

Kwa hiyo Jumanne ile alikaa pale Geoffrey alipokuwa akimfundisha kuitumia ile mashine, akaihesabu treni jinsi anavyoihesabu siku zote, tangu Taveta. Ikakataa. Akakumbuka Geoffrey alikuwa mtu wa Voi, akaigeuza. Ikakataa. Akakata tamaa, akakaa tu akiangalia kioo.

"Halafu Kaveke akaniletea chai," alisema. "Na kwenye kisahani, ndizi."

Alice akamwambia jambo ambalo mzee hakulijua, kwa sababu habari za Voi hupanda Mwanda kwa miguu: kwamba Ben alishtaki, na Kaveke amelala kituoni.

Ungo uliteleza na maharagwe yakamwagika sakafuni. "Kaveke?" alisema. "Kwa ajili yangu mimi?" Alice alikuwa hajawahi kumwona akiona haya, na hakupenda kuiona sura hiyo. Mzee aliuliza kama ile kazi aliyoifanya inaweza kufutwa, mambo yarudi yalivyokuwa.

"Haifutiki, Baba. Jina linaweza kuhamishwa tena, mahakama ikiamua. Lakini kwamba ulikaa pale ukafungua, hilo litabaki." Akamweleza yaliyobaki bila kuyalainisha. Alitumia ufunguo wa mtu aliyekwisha kufa, wosia wa mdomo hauna shahidi isipokuwa yeye, na huenda kizimba alichotayarishiwa Kaveke kikawa chake. Hatayaandika yeye maelezo hayo, ataandika mwingine.

Mzee aliinama akaanza kuokota maharagwe moja moja. "Niandikwe," alisema. "Nilijua amekufa, na nilifungua." Kisha akaongeza, bado ameinama, "Stesheni ya mama yako haikuandikwa kwenye kitabu chochote, Alice. Nilidhani nimebaki nayo peke yangu. Kumbe Geoffrey aliiweka pale pale mahali pake."

Alice alipiga magoti akamsaidia kuokota, maana alihitaji kitu cha kufanya kwa mikono.

Waliondoka saa nane na nusu kwa ile barabara ya kuteremkia Bura. Mzee alikuwa amechana nywele na kuvaa kofia. Njiani alimuuliza Alice kama Kaveke alikula, naye akamjibu kwamba alikula. Aliuliza kama Sajenti Syombua ni mtu wa haki, naye akamjibu ndiyo. Walipoikamata lami na kugeukia upande wa Mwatate, reli ilijitokeza kando ya barabara, imezama kwenye nyasi, inaonekana na kupotea. Saa ya gari ilisema tisa na dakika kumi. Kulikuwa na nafasi, lakini si kubwa.

"Simama hapa kidogo," alisema babake.

Hapakuwa na kitu. Kijia kilichoota vichaka, jiwe jeupe, na mlima nyuma yake. Kitabu cha kazi kilikuwa wazi juu ya jambo hilo: mtu anayepelekwa kituoni hateremshwi njiani. Alice alisimamisha gari.

Mzee alishuka, akavuka mtaro kwa uangalifu, akasimama katikati ya reli mbili zilizoshika kutu. Alivua kofia. Hakupunga mkono. Alisimama tu akitazama kule kile kijia kinakoteremkia, kama mtu aliyefika mapema.

Simu ikalia. Ilikuwa ni Mutuku. Aliuliza wako wapi, na kwa nini gari limesimama, maana kuna afisa aliyelipita sasa hivi akaliona kando ya barabara.

Alice alimtazama babake kupitia kioo.

"Ng'ombe relini, afande," alisema. "Dakika tano, halafu tunakuja."